Kupe wa Lita 3.5: Kuishi na Gari Kubwa Kati ya Kibera na Kawangware

Haya wasomaji wangu, leo hakuna hifadhidata wala PHP. Leo ni gari. Msikimbie lakini, kwa sababu tutarudi kwenye tarakilishi mapema kuliko mnavyodhani.

Tuanze na jina. Zamani za magari ya farasi, Wafaransa walichukua gari la abiria wanne, wakalikata nusu ya mbele, wakabaki na la watu wawili. Wakaliita "lililokatwa", yaani coupé. Jina hilo likahamia kwenye magari ya injini: milango miwili, paa linaloteremka nyuma, viti vya nyuma vya kuwekea koti. Sasa ukiliandika neno hilo kwa masikio ya Kiswahili unapata kupe. Na sisi kupe tunamjua: mdudu anayeng'ang'ania ng'ombe na kunyonya damu bila haraka.

Fundi wangu wa Kawangware alipolisikia jina hilo alicheka mpaka akaweka spana chini. "Mkubwa," akasema, "hao Wafaransa waliona mbali."

Basi mimi ninaye kupe. Ni gari la Kijapani lenye silinda sita, injini ya lita 3.5, viti vya ngozi, miaka yake si haba. Aina yake siitaji, maana hapa si mahali pa kutangazia biashara ya mtu. Ninaishi Ayany, Kibera. Mama yangu na fundi wangu wote wako Kawangware, na chumba ninachopanga kwa kazi kiko huko huko. Kwa hiyo gari hili si la Jumapili. Ni la kila siku.

Kila mtu anayeliona huniuliza swali lile lile: "Linakunywa mafuta kiasi gani?" Swali zuri, lakini halijakamilika. Tangu nianze kulipima nimeona kwamba la maana zaidi ni hili: kupe huyu ananyonya WAPI?

KWA NINI LILIKUWA RAHISI

Kwa pesa nilizolipa ningepata Vitz au Demio iliyoshuka bandarini Mombasa juzi. Watu hufikiri nilibahatisha. Sikubahatisha, nilipiga hesabu.

Kule Japani mwenye gari hulipa kodi ya gari kila mwaka, na kodi hiyo hupanda kulingana na ukubwa wa injini. Gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo si wa bure. Gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake huongezwa. Kwa hiyo Mjapani mwenye kupe la lita 3.5 ana kila sababu ya kuliaga mapema, na mnadani linauzwa kwa bei ya kushangaza.

Mkenya akiona bei hiyo kwenye intaneti moyo unamdunda. Pole pole! Kuna mambo mawili. La kwanza, sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. La pili ndilo linalowaumiza wengi: KRA haikutozi kodi kwa bei uliyolipa mnadani. Ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, inapunguza kulingana na umri, na kinachobaki ndicho thamani ya forodha. Wewe ulinunua rahisi, lakini orodha haina habari.

Halafu kodi zenyewe hupandana mgongoni. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, ushuru wa forodha ni asilimia 35. Juu ya jumla hiyo huwekwa ushuru wa bidhaa: asilimia 20 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 1500, asilimia 25 ikizidi hapo, na asilimia 35 kwa injini ya petroli iliyozidi 3000. Juu ya jumla hiyo nayo huja VAT ya asilimia 16. Fanya hesabu kwa kila shilingi 100 ya thamani ya forodha:

Injini ya 1500: 100 × 1.35 × 1.20 × 1.16 = shilingi 188.
Injini ya 2500: 100 × 1.35 × 1.25 × 1.16 = shilingi 196.
Injini ya 3500: 100 × 1.35 × 1.35 × 1.16 = shilingi 211.

Na bado hujaweka tozo ya reli na ada ya tamko la kuingiza mizigo. Yaani gari la 3500 linapotoka bandarini, kodi peke yake imezidi thamani ya gari.

Sasa geuza sarafu. Kodi hiyo hulipwa mara moja tu, na mtu wa kwanza. Akilitumia miaka mitano au sita, akataka kuliuza, wateja wanaliangalia kwa hofu: injini kubwa, milango miwili, spea zitatoka wapi? Bei inaporomoka. Gari dogo la 1500 haliporomoki hivyo kwa sababu kila mtu analitaka. Kwa hiyo anayenunua kupe aliyekwishatumika hapa hapa Kenya hununua gari ambalo kodi yake ilishalipwa na mwingine, na hofu ya soko ndiyo punguzo lake.

Lakini hofu ya soko haitoki hewani. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi nilitaka kujua: hofu hii ni ya kweli kiasi gani? Hapo ndipo tarakilishi inaingia.

KUMSIKILIZA KUPE

Chini ya usukani wa karibu kila gari la miaka hii kuna tundu la plagi yenye pini 16. Marekani ililazimisha tundu hilo kwa magari madogo kuanzia miundo ya 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Lengo lilikuwa moshi: serikali zilitaka gari lenyewe liseme linapochafua hewa. Matokeo yake ni kwamba gari lako lina mdomo, na lugha yake imeandikwa wazi.

Kifaa cha kuongea nalo nilikinunua Luthuli Avenue kwa kama shilingi elfu moja. Ndani yake kuna nakala ya chipu iitwayo ELM327. Chipu halisi ilitengenezwa na kampuni ndogo ya Kanada, Elm Electronics. Toleo la kwanza halikufungwa dhidi ya kunakiliwa, basi ulimwengu mzima ukanakili. Kampuni ilifunga kazi mwaka 2022, lakini nakala zake bado ziko kila duka la simu. Kifaa huongea na simu au laptopu kwa Bluetooth. Unatuma herufi, gari linajibu kwa herufi.

Kwa mfano, ukituma 01 10 unaliuliza gari linavuta hewa gramu ngapi kwa sekunde. Likijibu 41 10 01 90, zile tarakimu nne za mwisho ndizo jibu, kwa hesabu ya msingi wa 16. 01 ni moja, 90 ni 144. Zidisha moja kwa 256, jumlisha 144, gawanya kwa 100. Unapata gramu 4.00 za hewa kwa sekunde. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuandika programu hii jioni moja.

Na kutoka hewa unapata mafuta. Injini ya petroli huchoma gramu 14.7 hivi za hewa kwa gramu moja ya mafuta. Lita ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Basi:

lita kwa saa = gramu za hewa kwa sekunde × 3600 ÷ 14.7 ÷ 740

Kwa gramu 4 jibu ni lita 1.32 kwa saa. Hayo ndiyo mafuta ambayo kupe wangu huyachoma akiwa AMESIMAMA, injini ikiwa imepata joto, kipoza hewa kimezimwa.

Niliandika programu ndogo ya kurekodi hewa na mwendo kila sekunde, nikaiacha ifanye kazi mwezi mzima. Safari yangu ni ile ile: Ayany, Kibera Drive, Ngong Road, Dagoretti Corner, Naivasha Road, hadi Kawangware 46. Ni kilomita saba hivi. Asubuhi ya Jumapili natumia robo saa. Jioni ya siku ya kazi, dakika 45, na kati ya hizo kama 30 magurudumu hayazunguki kabisa.

Jumapili: mafuta ya mwendo, lita 0.8.
Jioni ya kazi: mafuta ya mwendo lita 0.8, mafuta ya kusimama lita 0.65. Jumla lita 1.45.

Mmeona? Karibu nusu ya mafuta ya jioni yanateketea nikiangalia mgongo wa matatu. Injini haikunipeleka popote kwa mafuta hayo.

Tuweke shilingi 200 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi (bei hutangazwa upya kila tarehe 14 ya mwezi, na Septemba 2023 tuliivuka 200 hapa Nairobi). Kwenda na kurudi kwa foleni ni shilingi 580, na kwa siku 22 za kazi ni shilingi 12,760. Nilikipachika kifaa hicho hicho kwenye gari la 1500 la jirani yangu, akaendesha njia hiyo hiyo wiki moja: lita 0.85 kwa safari moja. Yeye kwa mwezi angetumia shilingi 7,480. Tofauti yetu ni shilingi 5,280 kwa mwezi.

Shilingi 5,280 si pesa ndogo. Kuna nyumba Gatwekera na Gatina ambako pesa hizo ni kodi na akiba. Sitaki kujifanya sijui. Lakini pia si zile hadithi za "litakufilisi". Ni tarakimu, na tarakimu unaweza kukaa nayo mezani ukaamua. Mimi niliamua kuacha gari siku mbili kwa wiki na kufanya kazi nyumbani, na siku nyingine natoka Kawangware saa mbili usiku. Tofauti ile ikapungua zaidi ya nusu. Dawa ya huyu kupe ilikuwa kwenye saa ya ukutani.

NAIROBI INAVUTA PUMZI KIDOGO

Hapa kuna jambo lililonifurahisha kama mtoto. Ukituma 01 33 unaliuliza gari shinikizo la hewa ya nje. Langu lilijibu 41 33 53. 53 ya msingi wa 16 ni 83. Kilopaskali 83. Pale Mombasa ufukweni ni kama 101.

Maana yake nini? Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Kila silinda inapovuta, inapata kama asilimia 82 tu ya hewa ambayo ingepata pwani. Injini isiyo na tabo haina njia ya kujitetea. Zidisha 3.5 kwa 0.82, unapata 2.87. Nguvu ninayoendesha kila siku ni ya injini ya chini ya lita 3, lakini kwenye karatasi za kodi ni ya zaidi ya lita 3. Huko forodha hawaulizi unaishi mwinuko gani!

Kwa hiyo ndugu yangu unayenunua gari kwa kusoma namba ya nguvu za farasi kwenye tangazo la Japani, toa karibu moja ya sita au moja ya tano kabla hujajisifu kwa marafiki. Na unayeogopa injini kubwa, jua kwamba hapa mjini ile 3.5 si simba unayemfikiria.

MAMA NA MLANGO

Data haisemi yote. Mama yangu anauza chakula karibu na stendi ya 46, na magoti yake si ya zamani. Siku ya kwanza kumbeba alilizunguka gari mara mbili.

"Mwanangu, mlango wa nyuma uko wapi?"

"Hauko, Mama. Utakaa mbele na mimi."

"Pesa zote hizi na mlango hawakuweka?"

Alikaa mbele. Kiti ni cha chini, na kutoka kulikuwa kazi zaidi ya kuingia. Tulijaribu hili na lile hadi tukapata mbinu: kiti kirudi nyuma kabisa, miguu yote miwili itoke kwanza, mkono mmoja ushike fremu. Mlango wa kupe ni mrefu, unafunguka wazi zaidi ya mlango wa kawaida, na hapo ukasaidia. Lakini mahali penye nafasi finyu mlango huo huo haufunguki hata nusu. Kama wewe ndiye dereva wa familia, kama kuna mtoto wa kiti cha nyuma, kama kuna mzee asiyeweza kuinama, hesabu ya mafuta achana nayo. Gari hili limeshakukataa.

Kuna na chini ya gari. Matuta ya Naivasha Road yalijengwa na watu wasiompenda kupe. Bampa la mbele nimelishonea kamba za plastiki kama kiatu. Mvua ikinyesha, njia za ndani za Kibera siingii kabisa. Naliacha gari karibu na barabara na kutembea. Vioo vya pembeni nimevichonga namba ya gari, na hata hivyo sivisahau usiku.

Na kuna macho. Naenda Lang'ata kwa barabara ile ya kuunganisha inayopita Kibera. Kuipisha barabara hiyo, Julai 2018 nyumba na shule zilibomolewa. Ripoti za wakati huo zilitaja watu wapatao 30,000 walioachwa bila makao. Wengi wanaopita kando yake asubuhi wanaenda kwa miguu. Ukiwa ndani ya kupe lenye viti vya ngozi, na injini inayosikika kabla hujaonekana, huwezi kusema barabara hiyo ni lami tu. Nimejifunza kuendesha pale kwa mwendo wa mtu anayepita mbele ya nyumba ya jirani. Najua haimrudishii mtu chumba chake, lakini tabia ya dereva ni sehemu ya gari la kila siku, na huwezi kuinunua mnadani.

SHIDA SI INJINI

Miezi minne baada ya kulinunua, taa ya injini iliwaka na gari likaanza kutetemeka kwenye foleni. Kifaa changu kikatoa namba: P0304. Maana yake silinda ya nne haichomi vizuri.

Gereji moja kubwa mjini (jina naliacha) iliniambia nibadilishe koili zote sita, plagi zote sita, na "tuone". Nikaenda Kawangware.

Fundi wangu hana digrii. Alianza kwa kuosha magari. Aliangalia namba ile, akafungua koili ya silinda ya nne akaiweka ya pili, na ya pili akaiweka ya nne. "Sasa zunguka hapo 56 urudi, mkubwa." Nikazunguka, nikarudi. Namba mpya ilikuwa P0302. Kosa limehama na koili.

"Basi ni koili," akasema. "Ingebaki kwa nne, tungetafuta plagi ama waya."

Wasomaji wangu mnaoandika programu, mmesikia? Hiyo ndiyo kazi yetu. Badilisha kitu kimoja tu, angalia kosa linahamia wapi. Nimewahi kuketi na watu wenye vyeti ukutani wasioweza kufanya hivyo. Nilinunua koili moja Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado huiita Grogan, nikamlipa fundi ufundi wake, na jioni hiyo hiyo nikaenda nyumbani. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kwa hiyo hofu ya "mafundi wetu hawawezi injini hizi" nilikuta ni ya uongo. Kisha nikakutana na hofu ya kweli.

Gari lilikuja na ufunguo mmoja. Nikitaka wa pili, lazima tarakilishi ya gari ifundishwe kuutambua. Kwa namba za P lugha iko wazi, ndiyo maana mimi na fundi tuliisoma kwa kifaa cha elfu moja. Kwa ufunguo lugha imefungwa. Unahitaji programu ya kiwandani, akaunti ya kulipia, na ruhusa. Mahali pa kwanza nilipouliza waliniambia nibadilishe kufuli zote pamoja na kisanduku chake cha umeme, kwa bei inayokaribia robo ya gari.

Fundi wangu alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Gari halina shida, mkubwa. Shida ni nywila."

Alinipeleka kwa mwenzake mwenye laptopu kuukuu na programu iliyonakiliwa. Dakika 20, ufunguo ukafanya kazi. Niliwashukuru wote wawili. Lakini niliondoka na kitu kinanikereketa. Huyu kijana anajua anachofanya. Amejifunza mwenyewe, usiku, kwa simu. Hata hivyo programu yake ni ya wizi, inaweza kukata katikati ya kazi na kuliacha gari la mteja likiwa limekufa, na hilo likitokea lawama ni yake. Utaalamu anao, ila mlango hawakumfungulia.

Wenzetu wamepigania mlango huo. Kule Massachusetts, Marekani, wananchi walipiga kura mwaka 2012 kutaka watengenezaji wawape mafundi huru taarifa zile zile wanazozipa gereji zao, na mwaka 2020 wakapiga tena kuhusu data ambayo gari hurusha hewani. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria yake ya haki ya kutengeneza vifaa mwaka 2024, japo hiyo inahusu zaidi vifaa vya nyumbani. Sisi ambao karibu magari yetu yote huja yakiwa yametumika, na karibu yote hutengenezwa jua kali, ndio tungepaswa kupiga kelele kuliko wote. Mwaka 2024 tulipiga kelele kuhusu kodi ya magari ya asilimia 2.5 kwa mwaka iliyokuwa kwenye Mswada wa Fedha. Ikaondolewa Juni, na mswada wenyewe ukafuata. Nywila nayo ni kodi, tofauti yake ni kwamba haisomwi bungeni.

Hapo ndipo jibu la swali langu. Kupe huyu ananyonya mahali pawili: anaposimama kwenye foleni, na pale maarifa yalipofungiwa. Pa kwanza unaweza kupapima na kupapunguza. Pa pili utapagundua siku ufunguo utakapopotea, na kila gari jipya linaloingia lina kufuli nyingi kuliko la jana. Gari dogo la leo limefungwa kuliko kupe langu la jana! Kwa hiyo msidhani hii ni habari ya wenye injini kubwa peke yao.

KAMA BADO UNATAKA

Kuna watakaosoma haya yote na bado watataka. Nawaelewa. Mambo ninayowaambia marafiki ni haya:

1. Nunua lililokwishatumika hapa nchini. Kodi ya kuingiza mwachie mwingine.

2. Mtafute fundi KABLA ya gari. Mwambie aina unayoitaka, tazama uso wake. Akikwambia atakuja na skana, huyo ni wako. Akikwambia "tutajua tukifungua", mshukuru uende.

3. Siku ya kulikagua, injini iwe baridi. Muuzaji akiwa ameiwasha kabla hujafika, rudi kesho.

4. Chomeka kifaa chako. Kama hakuna kosa hata moja, uliza lini betri ilitolewa au makosa yalifutwa. Tarakilishi ya gari inakumbuka limetembea kilomita ngapi tangu kufutwa: tuma 01 31.

5. Ingia chini. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Angalia mafuta yanayovuja, shokapu, na bampa lililoshonwa.

6. Tafuta taarifa za gari NTSA kwa ada ndogo. Jina kwenye logibuku lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia, na kama kuna benki kwenye logibuku, deni lilipwe kwanza.

7. Dai funguo mbili. Kama ni mmoja, punguza bei kwa gharama ya kufundisha wa pili, na ufundishe wiki hiyo hiyo. Usingoje upotee.

8. Kila mwezi tenga pesa ya matengenezo kama vile unavyolipa kodi ya nyumba. Gari likikaa mwezi bila shida, pesa hiyo si yako, ni ya mwezi ujao.

Mimi bado ninalo. Mama ameshalizoea, na siku hizi ndiye anayewaelekeza abiria wengine jinsi ya kutoka. Programu yangu ya kurekodi bado inakusanya tarakimu, na sasa naiandika upya ili fundi aisome kwa Kiswahili kwenye simu yake: namba ya kosa, maana yake, na hatua ya kwanza ya kupima kabla ya kununua spea. Nimeanza na makosa 40 yanayojirudia sana gerejini kwake. P0304 ndiyo ya kwanza. Ikikamilika nitaiweka hapa bure, na mwenye fundi Kibera, Kawangware, Kisumu au Tanga atamchukulia.

Ile sehemu ya funguo nimeiacha tupu. Sijui nitaiandika nini mpaka mlango ufunguliwe.